Picha za harusi Kisumu: kwa wanaoanza kazi

Ukipewa programu na kamati, isome ukijua kwamba ibada ya saa nne huanza saa tano. Muda huliwa saluni. Wasimamizi sita na bibi harusi wakiwa na warembaji wawili, omba bibi harusi awe wa tatu au wa nne kukaa kitini. Akiwa wa mwisho, ucheleweshaji wote unamwangukia yeye.

Saa hiyo iliyopotea utailipa jioni. Jua la Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, mwaka mzima, na hapa karibu na ikweta giza haliji polepole. Maharusi wengi wanaota picha za machweo ufuoni Dunga, kwenye Ziwa Victoria, lakini saa kumi na moja bado wanalishana keki na foleni ya zawadi haijaanza. Katika masika wingu la alasiri nalo huweza kulifunika ziwa mapema. Basi omba dakika 20 za picha mara tu mnapotoka kanisani. Usiwaombe maharusi, maana siku hiyo hawaamui lolote. Kubaliana na mwenyekiti wa kamati na MC, na dakika hizo ziandikwe kwenye programu.

Jua la saa saba huchimba vivuli vyeusi machoni. Waweke maharusi ukingoni mwa kivuli cha mwembe, nyuso zikitazama nje. Ukiwaingiza ndani zaidi, mwanga unaopenya majanini utawatia madoa.

Uliza pia rangi ya tenti. Ya buluu hupaka nyuso buluu, na ukisahihisha kwenye kompyuta gauni linaharibika. Nyeupe ni bahati.

Gauni jeupe likijaza fremu, kamera hudhani mwanga umezidi, nayo hutia nyuso giza. Pima mwanga usoni, kisha hakikisha lesi bado inaonekana. Msafara ukiingia ukicheza, shata (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, hata ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikifika 3200; chengachenga za ISO kubwa husameheka, ukungu wa mwendo hausameheki.

Picha za ukoo: makundi kumi, dakika tatu kila moja, ukianza na mabibi na mababu kwa sababu ndio wanaochoka na jua. Tafuta shangazi mwenye sauti kila upande, awaite watu. Wewe huwajui.

Malipo: nusu ilipwe siku ya kukubaliana kazi, salio kabla ya harusi. Baada ya harusi kamati huvunjwa, na aliyekuahidi atakuelekeza kwa mweka hazina asiyeshika simu.