Bosi ananifokea, nami nimeanza kufoka

SWALI

Mama, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni msimamizi wa stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi, si mbali na soko la Kibuye. Nina vijana sita chini yangu. Bosi hutupanga mstari saa moja unusu asubuhi kabla ya kufungua, akachagua mmoja na kumvua nguo kwa maneno, wenzake na watu wa mikokoteni wakisikia. Mwezi uliopita mifuko minne ya saruji ilikosekana kwenye hesabu, tukakatwa mshahara sote saba, hata aliyekuwa likizoni. Usiku wa manane anatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la WhatsApp; usipojibu, asubuhi ni zamu yako. Kuna mwenzetu anayempelekea umbea. Juzi kijana wangu alihesabu misumari vibaya, nikamwita mjinga mbele ya wateja. Hakunijibu, aliendelea tu kuokota misumari. Nifanye nini na huyu bosi? Nina watoto wawili shuleni, siwezi kuacha kazi hivi hivi.

Msimamizi, Manyatta

JIBU

Mwanangu, karibu barua yako nzima ni bosi. Kijana wa misumari umempa sentensi mbili tu, na hizo ndizo nimezirudia.

Nilikuwa nyapara wa zamu katika kiwanda cha unga hapa Nakuru. Meneja wetu alikuwa mtu wa kupiga meza. Akinipigia meza saa mbili, saa tatu mimi niko kwa akina mama wa kushona magunia, nawapigia kelele zile zile. Nilidhani hiyo ndiyo kazi, na kwamba nyapara asiyesikika hayupo. Basi siku moja mkanda wa kinu ukaanza kutoa harufu ya mpira unaoungua tangu alfajiri. Watu wanne waliinusa. Hakuna aliyeniambia, maana wa mwisho kuniletea habari mbaya nilimuuliza kama macho yake ni ya kuazima. Mkanda ulikatika saa sita mchana, tukakaa siku mbili bila kusaga. Nilipowauliza mbona walinyamaza, mama mmoja aliyenizidi umri akanijibu taratibu, "Tulikuwa tunangoja uulize vizuri." Hadi leo nikinusa mpira ukiungua barabarani, namkumbuka.

Kwa hiyo anza na kijana. Wateja wale huwapati tena, lakini wenzake wapo. Mbele yao mwambie ulikosea kumwita vile. Usiongeze "lakini na wewe pia". Kisha hesabuni misumari pamoja, mwendelee na kazi.

Sasa bosi. Sitakudanganya kwamba atabadilika kwa sababu umemwendea kwa adabu. Tabia yake ni yake, ila pesa zina sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Haisemi hasara igawanywe kama mchango wa harambee. Huyo aliyekuwa likizoni alibebaje saruji? Na makato yote yakijumlishwa hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara.

Nunua daftari. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe na nani alikuwepo. Usiandike "alinidharau", andika alichosema, hata kama ni aibu kukiandika. Zile sauti za usiku zihifadhi. Halafu mwende wawili au watatu, mchana, duka likiwa limetulia, mwombe kuonyeshwa hesabu ya yale makato kwa maandishi. Zungumzeni saruji kabla ya heshima. Mwambieni kwamba kijana anayeogopa huuficha mfuko uliopasuka nyuma ya mabati badala ya kuuandika, ndiyo maana hesabu haikai. Mfanyabiashara husikia hilo upesi.

Akikutukana hapo, meza mate. Nasema hivyo kwa uchungu, lakini kifungu cha 44 kinahesabu kumtukana mwajiri kuwa kosa ambalo mtu anaweza kufutwa kazi papo hapo. Ukijibu tusi kwa tusi umemkabidhi kisu.

Mkishindwana, nendeni ofisi ya leba na lile daftari. Malalamiko yenye msingi si sababu ya haki ya kumfuta mtu. Hicho ni kifungu cha 46. Na akitaka kukufuta kwa kosa au kwa kazi mbovu, kifungu cha 41 kinamtaka akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, huku mwenzako uliyemchagua akiwa ameketi kando yako, na akusikilize kabla ya kuamua.

Mpeleka umbea mpe zamu ya kuhesabu saruji nawe kila jioni. Atapeleka hesabu.

Kuhusu watoto, ni kweli, usiache kazi mikono mitupu. Ila ulizia kimyakimya. Madereva wanaowaletea saruji huingia stoo nyingi mjini, wanajua wapi mtu anatafutwa na wapi watu hawadumu.

Kijana akikujibu lolote, niandikie. Akinyamaza pia, niandikie.