Kitunguu, Fomu ya Elfu Thelathini na Mvua ya Tukuyu

Meseji zenu zimelundikana tangu nimalize mafunzo ya uigizaji ya wikendi pale Uyole, Mbeya. Nimechagua hizi, zilizofanana nimeziunganisha.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne, nakaa Mbalizi. Hapa Mbeya sijaona chuo cha uigizaji. Nipande basi niende Dar nikatafute bahati?

Marahaba, mwanangu. Dar ni kilomita mia nane na ushee, na wanaotafuta bahati huko wameshajaa. Kama unatafuta shule, lenga Bagamoyo. TaSUBa ilianza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, na inatoa astashahada na stashahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha sanaa za maonyesho, ila hiyo ni ngazi ya shahada. Uliza sifa za kujiunga kabla hujafunga begi.

Wakati unasubiri, darasa lako ni soko la Mwanjelwa. Kaa saa nzima umtazame mtu mmoja tu. Mimi niliwahi kumtazama mama mmoja muuza ndizi. Mteja akitaja bei ya kuudhi, mama hagombi. Anaishika chane na kuigeuza upande wa pili taratibu, kana kwamba kuna kitu amekiona huko, halafu anakaa kimya. Mteja mwenyewe anaanza kupandisha bei! Nenda nyumbani, simamisha simu, umwigize mtu wako dakika mbili bila kusema neno. Ukijitazama, utajionea aibu. Rudia kesho yake. Ukifanya hivyo miezi mitatu, utafika Bagamoyo ukiwa na kitu mkononi.

Mwalimu, niko kwenye kikundi hapa Iringa. Mwongozaji anataka nilie na machozi hayaji. Wenzangu wananipaka kitunguu. Kuna njia nyingine?

Kitunguu kinaleta machozi kweli, ila uso unasema "macho yananiwasha". Mtazamaji hadanganyiki.

Kumbuka misiba uliyohudhuria. Anayejigaragaza tunakimbilia kumshika, tuna kazi ya kufanya. Anayetumaliza ni yule binti wa marehemu anayepita na sinia la vikombe, anauliza nani hajapata chai, na sauti inakwama kwenye neno "chai". Yule anapambana asilie. Kwa hiyo usiyatafute machozi. Jiulize mhusika wako anataka nini kwa aliye mbele yake, halafu kipiganie. Konstantin Stanislavski, Mrusi ambaye waigizaji dunia nzima bado wanasoma mbinu zake, alifika huko huko uzeeni: anza na kitendo, hisia itafuata.

Halafu kuna jambo la kiufundi ambalo vikundi vyetu havisemi. Mara nyingi picha pana hupigwa kwanza, za karibu baadaye. Ukimwaga machozi yote kwenye picha pana, ambako uso wako ni mdogo kama punje ya mahindi, kamera ikija usoni umeshakauka. Jibane. Na kama ulishika kikombe kwa mkono wa kushoto ulipotamka neno fulani, kishike vilevile kila mnaporudia, la sivyo mhariri atakulaani.

Picha ya karibu pia haitaki nguvu za jukwaani. Jukwaani unamwigizia aliyekaa kiti cha mwisho. Kwenye kamera, nyusi ikipanda kidogo tu inaonekana kama umeruka ukuta. Fikiria kweli, msikilize mwenzako kweli, basi. Nusu ya waigizaji ninaowafundisha hawasikilizi, wanangoja zamu yao ya kusema.

Nikisema "kura" inatoka "kula". Watu wananicheka. Nitapata kazi kweli?

Utapata. Soma habari kwa sauti kila asubuhi, jirekodi, sikiliza. Lakini lengo liwe kuongeza lafudhi ya pili, ile ya nyumbani ibaki. Inaniudhi kuona filamu zetu zikimpa lafudhi ya bara mlinzi wa geti na dada wa kazi tu, kana kwamba huku hakuna madaktari. Siku atakapohitajika daktari wa Rungwe, awe wewe.

Wamenipigia, wanasema nimechaguliwa kwa usaili, nitume elfu thelathini ya fomu.

Usitume. Usaili wa kweli haukutozi hela. Mimi nilishalipa, zamani, katika ukumbi mmoja huko Dar. Tulipangwa mstari, tukaigiza mmoja mmoja, jamaa akirekodi kwa umakini mkubwa. Zamu yangu ilipofika niliona kifuniko cha lenzi hakijatolewa. Na niliigiza hivyo hivyo, mjinga mimi.

Nimeambiwa nitume video ya usaili. Nakaa Tukuyu, mvua na bati havinipi nafasi.

Pole, bati halina dawa. Omba chumba kwa jirani mwenye dari. Simu ilale kwa ubavu, iwe usawa wa macho, ikuchukue kuanzia kifuani. Nyuma yako ukuta mtupu, uso uelekee dirishani. Anayekusomea sehemu za mwenzako akae kando kabisa ya simu, asome kwa sauti ya chini, nawe umtazame yeye, usiikodolee lenzi. Mwambie pia asiigize kukuzidi; kaka zetu wana tabia hiyo.

Mwalimu, mimi ni mama wa Makambako. Binti yangu ana miaka 19. Prodyuza kamwita gesti saa mbili usiku "kupitia skripti".

Asiende, mama. Mazoezi hufanyika mchana, mbele ya watu, na binti ana haki ya kuja na mtu. Akidaiwa mwili ili apewe nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono, imekatazwa na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Meseji zisifutwe. Piga TAKUKURU, 113, ni bure.

Tulicheza filamu Njombe siku tisa, hatujalipwa. Hatukuandikishana.

Daini kwa pamoja, msiende mmoja mmoja. Safari nyingine, kabla ya kuvaa nguo za uhusika, karatasi iseme: siku ngapi, shilingi ngapi, zinalipwa lini, nauli na chakula juu ya nani, na kazi itaonyeshwa wapi.

Nina miaka 52, nauza mbao Mafinga. Nimechelewa?

Hujachelewa, baba. Vijana wa miaka 25 wanapakwa unga kichwani waigize babu, wakati mababu wenyewe wamekaa dukani. Duka usilifunge, maana huku kwetu uigizaji peke yake bado haulipi ada ya shule. Tafuta kikundi cha karibu, anza na sehemu ndogo. Ila hizo mvi usizipake piko.