AC ya BTU 12,000 chini ya bati tupu? Mkuu, usilipe hiyo hela bado

Mkuu, rudisha hela mfukoni kwanza. Umesema nyumba iko Nyegezi hapa Mwanza, paa la bati, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini ya kusukuma, feni ya juu usiku "inapuliza moto", na muuzaji amekuandikia AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa chumba cha mita 4 kwa 4. Halafu ukauliza feni au AC, inveta, sola, na mafua ya watoto. Mimi nina swali moja tu: saa tatu usiku ukisimama juu ya kitanda ukaigusa dari kwa kiganja, ina joto?

Kama ina joto, feni yako haina kosa. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Septemba jua la mchana linakaa utosini kabisa. Linalopigwa ni paa kuliko ukuta. Bati lililofifia, hasa la rangi iliyokolea, saa nane mchana linaweza kupita nyuzi joto 60. Joto hilo linamulika mgongo wa jipsamu, jipsamu inalinywa mchana kutwa, kisha usiku inakurudishia wewe kitandani. Feni ya juu inachota hewa iliyogusa dari hiyo na kukushushia. Mjumbe hauawi, na ninyi kila siku mnazitupa feni.

Sasa funga AC hapo uone. AC ya kawaida ya BTU 12,000 isiyo ya inveta (yaani kompresa yake haipunguzi mwendo, ni kuwaka au kukata) inakula kama kilowati moja. Kwenye chumba kilichotulia kompresa inafanya kazi, inakata, inapumzika. Chini ya dari inayotoa joto haikati. Ikiwaka kwa muda wa saa nane kila usiku ni uniti 8, mwezi ni 240, na kwa ile bei ya shilingi 356 kwa uniti unaongelea zaidi ya elfu 85 kwa chumba kimoja. Feni ya wati 70 kwa saa hizohizo haifiki uniti 17 kwa mwezi. Na kama mita yako iko kwenye tarifu ndogo, ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uiage. Hiyo hela yote inapoza bati.

Wauzaji ndio wananitibua. Wana kijedwali chao cha ukubwa wa chumba na BTU, kimepigiwa hesabu ya nyumba iliyozibwa vizuri na paa lenye kinga ya joto. Paa lako hawaliulizi. Vile vitundu vya hewa juu ya dirisha hawaviulizi. Ukirudi kulalamika kwamba haipoi, unaambiwa "ungechukua 18,000". Unachukua 18,000, na siku ya mawingu inafika nyuzi ulizoweka kwa dakika chache, inakata kabla haijatoa unyevu, unalala kwenye baridi yenye jasho. Humu ndani wananiita Bwana Dari. Jina nimelipokea, leteni na kadi ya uanachama.

Cha kufanya: nunua foili ya aluminiamu ya roli, ile ya paa, si ya kufungia kuku. Fundi aingie darini asubuhi na mapema, saa sita huko juu hapakaliki. ZIMA MENI SWICHI KWANZA. Foili inapitisha umeme, na pini ya stepla ikitoboa waya, foili nzima inakuwa na umeme. Aibane upande wa chini wa zile mbao za kenchi zinazobeba papi (vile vipande bati linapopigiliwa), uso unaong'aa uangalie chini, na kati ya foili na bati ibaki nafasi ya sentimita 2 na nusu au zaidi. Ikigusa bati inapitisha joto kama bati lenyewe. Wengi wanaharibu hapa: wanaitandaza juu ya jipsamu kwa kuwa ni rahisi, uso wa kung'aa juu. Ikishakaliwa na vumbi, kazi imekwisha, maana foili yenye vumbi hairudishi joto. Roli zipishane sentimita 10 hadi 15, ila kileleni acha upenyo wa sentimita 5 hivi. Kisha toboa matundu kwenye sofiti (ile dari ya nje chini ya ukingo wa paa), weka wavu wa kuzuia popo, na kwenye ncha za paa weka matundu makubwa ya kutolea. Hewa iingie chini, itoke juu. Bila hayo matundu umelifungia joto ndani.

Hela ya foili haipo? Osha bati, paka praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), halafu rangi nyeupe ya paa mikono miwili. Ukiruka praima, rangi itabanduka.

Hapo sasa feni itaonekana ina akili. Usiku wa Mwanza mara nyingi unashuka chini ya nyuzi 20, hiyo ni baridi ya bure. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unageuka kuelekea ziwani. Kwa hiyo usiku feni ya kusimama iweke hatua moja kutoka dirisha la upande wa ziwa, ipulize NJE, ufungue dirisha la upande wa pili. Dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu, kwa hiyo wavu wake uwe safi: wale wadudu wa ziwani wakishagandamana hapo, hewa haipiti. Sugua kwa brashi kavu, na taa ya chumba hicho izime. Mliojenga Igogo na Mabatini mkaegemeza nyumba kwenye mwamba, dirisha la upande wa jiwe lifungeni jioni, kwani lile jiwe linatoa joto hadi usiku wa manane.

Feni ikizunguka kivivu, kabla ya kuitupa badilisha kapasita, kile kidude kinachoisaidia mota kuzunguka. Nyingi za dari ni mikrofaradi 2.5, lakini soma iliyoandikwa kwenye ya zamani. Panga zikae angalau mita 2.1 kutoka sakafuni, na ndoano ishike mbao, si jipsamu.

Ukishamaliza yote hayo na bado unataka AC, ya BTU 9,000 itakutosha: ziba vitundu vya juu ya dirisha, weka nyuzi 26, feni iwe mwendo mdogo. Fundi akija bila pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa yote kwenye mabomba ya AC), akisema "tunafukuza hewa kwa gesi", mpe soda aondoke.

Naona inveta, sola na mafua sijavijibu. Wapo wataalamu wake humu. Wewe kesho saa moja asubuhi panda darini na tochi, piga picha chini ya bati, ziweke hapa tuone.