Re: Prii-skuli ya Georgia ni bure kweli?
Dada umeuliza kama wa miaka minne anasoma bure prii-skuli (mwaka wa kabla ya chekechea) hapa jimbo la Georgia, Marekani, hata kama wazazi wote mnapiga kazi. Ndio, kipato hawaangalii, muhimu muwe mnaishi Georgia na awe ametimiza 4 ifikapo Septemba 1. Hela inatoka kwenye bahati nasibu, wananchi waliipitisha kwa kura 1992 na tangu 1995 wakafungulia watoto wote, kwa hiyo wale wanaokwangua tiketi pale sheli ndo wanamsomesha mwanao 😂. Ila nafasi zinajaa, omba mapema sehemu mbili tatu. Alafu darasa ni masaa 6 na nusu tu, akibaki senta (kituo cha kulelea watoto) mpaka jioni hayo ya ziada unalipa wewe, hapo ndo watu wanashtuka. Na fomu 3231 ya chanjo ifuate kliniki sasa hivi, kadi ya chanjo mliyokuja nayo toka nyumbani peke yake haitoshi