Binti wa kidato cha pili amekwama hesabu
Pole dada yangu wa Uyole. Umeuliza utamsaidiaje binti homuweki ya hesabu wakati wewe uliishia la saba. Unaweza kabisa. Jioni mkiota moto jikoni (baridi ya Mbeya naijua), akusomee swali, kisha alieleze kwa Kiswahili. Wengi hukwama hapo: msingi walisoma kwa Kiswahili, sekondari ghafla Kiingereza. Wangu alishindwa x² + 5x + 6 = 0. Nikamuuliza tu: namba zipi mbili ukizidisha unapata 6, ukijumlisha 5? Akaandika 2 na 3 palepale. Swali likawa (x + 2)(x + 3) = 0, na ili mabano mojawapo yawe sifuri, majibu yakawa -2 na -3. Akishindwa kabisa, kesho amfuate mwalimu na daftari, amwonyeshe mstari alioishia. Mstari wenyewe, siyo swali zima.