Video inacheza, mbona picha yake haionekani?

SWALI: Fundi, shikamoo. Napiga video za harusi hapa Tanga. Nikifungua folda kwenye laptopu yangu ya Windows 10, video za kamera zinaonyesha picha ndogo, hata bibi harusi namtambua kabla sijafungua faili. Lakini alizorekodi mdogo wangu kwa iPhone, zote 140, zina ile koni ya VLC tu, programu ninayochezea video. Nikizifungua zinacheza vizuri. Jamaa wa dukani anataka 25,000 apige Windows upya. Nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe. Mimi mwenyewe niliwahi kumpigia mteja Windows upya kwa tatizo hilihilo, koni zikabaki palepale, nikarudisha hela ya watu.

VLC imebeba kodeki zake yenyewe, yaani vipande vya programu vya kusoma video iliyobanwa, ndiyo maana inacheza karibu kila kitu. Folda haiazimi chochote kwa VLC. Huiomba Windows ifungue video na kuchomoa fremu moja. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi hurekodi kwa HEVC, mbano unaookoa nafasi, na Windows yako haina kodeki hiyo. Ikishindwa kuchomoa fremu, inabandika alama ya programu inayofungua faili, basi.

Ingekuwa video zote hazina picha, ningekutuma kwenye View, kisha Options, utoe tiki kwenye "Always show icons, never thumbnails". Zako za kamera zinaonekana, kwa hiyo huko usiende.

Kodeki ya HEVC inauzwa kwenye Microsoft Store kwa takriban dola 1. Kama huna kadi ya kulipia mtandaoni, weka Icaros, programu ya kuipa Windows picha ndogo za video. Ni ya bure, na inazitambua hata faili za video za MKV. Ukimaliza, fungua Disk Cleanup, tia tiki kwenye Thumbnails pekee, futa. Usiogope, video haziguswi. Zinazofutika ni picha zilizohifadhiwa, na Windows itazichora upya.

Kabla ya harusi ijayo, mwambie mdogo wako aingie Settings, Camera, Formats, achague "Most Compatible", simu iache kurekodi kwa HEVC. Faili zitakuwa kubwa zaidi, nafasi ya simu aiangalie.

Faili mbili tatu zikibaki na koni, zicheze kwanza. Simu ikizimika katikati ya kurekodi, faili inaweza kukosa faharasa yake, ile orodha ya ndani inayoonyesha kila fremu iko wapi, na hapo hata VLC huenda ikagoma.