Mitungi 150 kwa siku

Wiki hii mmeuliza: je, mafunzo zaidi yatawavutia wanawake wa vijijini kwenye ufugaji wa samaki? Wamo tayari. Mnadhani ni nani hurusha chakula saa nne asubuhi na saa kumi jioni? La kuulizwa ni mbona kidimbwi ni cha mzee ilhali kazi ni ya mama, na hilo halianzii darasani. Linaanzia kwenye vipimo vya shimo.

Mnakumbuka vidimbwi vya mpango wa serikali ya Kenya wa kuchochea uchumi, 2009. Vidimbwi 200 kwa kila eneo bunge, maeneo bunge 140, kila kimoja mita 300 za mraba na vifaranga 1,000. Aliyeamua hiyo 300 si mchota maji. Kidimbwi hicho kikishuka sentimita moja tu kwa siku, kwa jua na kwa kunywewa na udongo, lita 3,000 zimekwenda: mitungi 150 ya lita 20. Penye mfereji kutoka mtoni, sawa. Pasipo na mfereji, tena udongo ni wa kichanga, mtungi tunajua hubebwa na nani.

Kisha chakula. Samaki 1,000 wakifika gramu 100 kila mmoja, ni kilo 100 majini. Hulishwa asilimia 3 ya uzito huo: kilo 3 kwa siku, kilo 90 kwa mwezi. Chakula cha ruzuku kikiisha, hubaki pumba ya mahindi na makombo ya ugali. Pumba ina protini ya asilimia 10 hivi, na tilapia anataka 25 hadi 30. Hapo anadumaa, ila kuzaa haachi: jike hutaga akiwa na miezi mitatu hivi, hata awe mdogo kama kiganja. Siku ya kuvua wavu unatoka na vitoto vya kama omena, mnunuzi anageuza pikipiki yake. Vingi vya vidimbwi vile sasa ni vya vyura na matete.

Hata kuvua kwenyewe. Wavu wa kukokota kwenye kidimbwi kipana unataka wanaume wanne au zaidi, maji kifuani, nao hulipwa kwa samaki. Anayewaita ni mwenye shamba. Anayewaita ndiye hupokea pesa.

Sasa chukua kidimbwi cha mita 5 kwa 20. Wanawake wawili, mmoja kila ukingo, wanakokota wavu bila kuingia majini. Vifaranga 300, madume matupu. Kina sentimita 80 maji yanapoingilia, mita 1.1 yanapotokea. Kiwe karibu na jikoni ili mdiria na kenge, wala samaki, waonekane. Zamisha mkono: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwikoni, ukijani wa maji, ule unaokuzwa na samadi, umezidi. Acha samadi, punguza chakula, la sivyo alfajiri utawakuta samaki juu ya maji wakitweta. Sentimita moja hapa bado ni mitungi 50, kwa hiyo udongo wa mfinyanzi ushindiliwe vizuri au patandikwe karatasi nzito ya plastiki.

Nilitaka kuishia hapo, niseme mafunzo yaachwe. Lakini ile asilimia 3 haipatikani kwa macho. Kila wiki mbili unavua samaki 30, unawatia kwenye ndoo yenye maji uliyokwisha kuipima, unaipima tena, unatoa ule uzito wa kwanza, unagawanya kwa 30, unazidisha kwa idadi ya waliomo. Ukibahatisha, ama chakula kinaozea chini, ama samaki wanalala njaa. Na mwenye hesabu hiyo daftarini anajua kilo zilizomo kabla mnunuzi hajafika. Mzee akiuza, mama anajua ni ngapi zimeuzwa.

Basi ndiyo, mafunzo, tena ya siku moja, pale pale ukingoni, si siku tatu hotelini mjini ambako mwaliko huandikwa kwa jina la mwenye hati ya shamba. Mwalimu aje na mizani, akiondoka aiache. Ila pale shamba lilipo la ukoo na mama haruhusiwi kuchimba hata hizo mita 5 kwa 20, mizani pekee haitoshi.